Safari Yangu ya Baskeli: Seeb Hadi Salalah



Wanaokitayarisha kitabu chetu hiki cha mwaka wamenitaka niandike habari ya safari yangu ya baskeli kutoka Seeb hadi Salalah, masafa ya kiasi cha kilomita 1,000. Nilichelewa kuwajibu. Habari ya njia ni nyepesi kuieleza, lakini habari ya sababu iliyonipeleka si nyepesi, kwani ndani yake mna kosa langu mwenyewe. Mwisho nikaona kwamba kila mwaka humu tunaandika waliozaliwa, waliooana na waliofuzu masomo. Si vibaya mmoja wetu akaandika habari ya ndugu wawili waliokosana, maana najua si sisi peke yetu.

Mimi nilizaliwa Unguja mwaka 1957, mtaa wa Kikwajuni. Tulikuwa wawili tu, mimi na kaka yangu aliyenizidi miaka minane. Baba yetu alikuwa fundi cherahani, na mali yake kubwa baada ya cherahani hiyo ilikuwa baskeli moja nyeusi ya Raleigh, aliyoinunua ikiwa imekwisha tumika. Nyuma kwenye keria alikuwa akifunga nguo za watu, na Idi ikikaribia alizipeleka kanzu mpaka Bububu. Alifariki mwaka 1963. Kaka, akiwa na miaka 14, akairithi baskeli, akairithi na kazi ya kutulea.

Yeye ndiye aliyenifundisha kupanda, katika uwanja wa Mnazi Mmoja, alasiri tukishatoka chuoni. Miguu yangu ilikuwa haifiki, basi nilipitisha mguu mmoja chini ya upau kama watoto wote wa siku hizo. Kaka akikimbia nyuma yangu ameshika kiti, huku akisema, "Kanyaga, nimekushika." Siku moja nikageuka nikamwona yu mbali, kasimama, anacheka. Hapo hapo nikaanguka.

Mwaka 1971 kaka aliondoka Unguja usiku, kwa jahazi. Siku hizo hakuondoka mtu kwa kuaga. Aliniachia baskeli na kunisisitiza niitunze, nami nikaipanda mpaka nilipomaliza skuli ya sekondari. Mwaka 1976 akaniletea nauli, nikamfuata Oman. Baskeli nikaiweka stoo, nyuma ya nyumba ya mama, nikaifunika gunia. Mama hakutaka kuhama. Alisema yeye amekwisha lipata kaburi lake, liko karibu na la mumewe.

Wazee wenzangu wanaikumbuka Oman ya siku hizo. Mwaka 1970 nchi nzima ilikuwa na skuli tatu za Serikali, za wavulana tu, na barabara ya lami ilikuwa kiasi cha kilomita 10. Marehemu Sultani Qaboos alipowaita waliokuwa nje, wengi wetu tulirudi; au niseme tulikuja, maana wengine nchi yenyewe hatukuwahi kuiona. Nilipewa kazi ya kufundisha Kiingereza katika kijiji kimoja cha bara, na hapo ndipo nilipojua kwamba chuo kilinipa herufi lakini hakikunipa maneno. Msahafu nilikwisha uhitimu mara mbili, lakini sokoni nilishindwa kununua vitunguu. Wanafunzi walicheka, nami nikajifunza kutoka kwao. Nilifundisha miaka 41, nikastaafu mwaka 2017.

Kaka yeye alikwenda Salalah mwaka 1978, akafanya kazi bandarini, akaoa huko, akakaa. Aliniambia aliupenda mji ule kwa sababu kuna minazi, migomba na mipapai, na mtu akifumba macho kidogo hujiona yuko kwao.

Sasa nieleze kosa. Mama alifariki mwaka 1996. Kaka hakuweza kusafiri, akanipa hati ya uwakili ili niisimamie nyumba na kuitengeneza mapaa, maana ilikuwa inavuja. Mwaka uliofuata mimi nilikuwa najenga Seeb, kuta zimesimama na fedha zimekwisha. Akatokea mnunuzi. Nikautumia uwakili ule ule nikaiuza nyumba, bila ya kumwuliza. Nilijiambia kwamba atakubali, kwamba nyumba mbovu haina faida, kwamba fungu lake nitampa lote. Hayo yote yalikuwa kweli, na juu ya hivyo nilijua kwamba nikimwuliza atakataa. Ndiyo maana sikumwuliza.

Nilimpelekea fungu lake, akalirudisha. Akapiga simu mara moja tu. Hakugomba. Alisema, "Umeiuza nyumba. Na baskeli ya Baba je?" Nikamjibu kwamba ilikuwa chuma chakavu, nimemwachia mnunuzi pamoja na vitu vya stoo. Akakata simu. Kwa miaka 22 tulikutana kwenye misiba tu, tukapeana mikono mbele za watu, kila mmoja akatazama pembeni.

Nilipostaafu, daktari alinikuta na sukari. Akaniambia nitembee sana au nipande baskeli. Nikanunua baskeli ya gia nyingi, yenye mipira minene, nikaanza kwenda nayo pwani ya Seeb baada ya sala ya Alfajiri. Mwanzo nilichoka kwa kilomita tano. Baada ya mwaka na nusu nikawa nakwenda 50 na kurudi nyumbani kunywa chai. Na kila nilipokanyaga nilimsikia kaka nyuma yangu. Basi nikaazimia kumwendea.

Watu waliniuliza kwa nini nisipande ndege, ambayo hufika Salalah kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Nilijua kwamba nikishuka kwenye ndege nitafika mlangoni pake sina la kusema. Nilitaka siku za kulitafuta neno. Na sitaficha, kulikuwamo na majivuno pia: nilitaka anione nimefika kwa taabu.

Mwanangu wa kiume alikataa nisiende peke yangu. Tulikubaliana anifuate na gari ya pikapu, atangulie kilomita 30 au 40, anisubiri na maji na chakula. Tuliondoka Jumamosi, tarehe 28 Desemba 2019, wakati wa baridi, kwani wakati wa joto safari hiyo si ya mtu mwenye akili.

Siku ya kwanza nilipita Fanja, nikaingia bonde la Samail, milima kulia na kushoto, barabara inapanda pole pole mpaka mapaja yanawaka moto. Siku ya pili nikafika Nizwa, ya tatu Adam. Adam ni mji wa mitende, na ndiko alikozaliwa Imamu Ahmed bin Said, babu yake Seyyid Said aliyehamishia makao yake Unguja. Nikakaa chini ya mtende nikafikiri: safari yetu sisi sote ilianzia katika mji mdogo kama huu, na watu wake nao bila ya shaka waligombana juu ya nyumba na mashamba.

Ukitoka Adam milima inakwisha. Mbele yako ni zaidi ya kilomita 600 za ardhi tambarare mpaka Thumrait, mawe madogo na mchanga, barabara imenyooka kama uzi. Kuna pahala njia ilikuwa pana, na kuna pahala ilikuwa nyembamba, magari mawili tu kupishana. Barabara ile ina sifa mbaya ya ajali. Gari kubwa la mizigo likipita, kwanza upepo wake hukusukuma nje, kisha hukuvuta ndani. Ilinibidi niishike mikono ya baskeli kwa nguvu zote. Mara nyingi nilikuwa nasikia gari nyuma na kushuka kabisa mpaka lipite. Ngamia nao huvuka wanapotaka. Lakini madereva wale, wengi wao Wahindi na Wapakistani, walinifanyia wema. Wakinikuta nimepinda juu ya pancha husimama, wakanishikia mpira nikitia kiraka, wakanipa chai ya maziwa kutoka chupa zao.

Kabla ya kufika Haima, katika jangwa la Jiddat al-Harasis, Bedui mmoja mzee alituona tunatafuta pahala pa kulala akatukaribisha kwake. Aliponisikia nasema akatabasamu, akaniuliza kama mimi ni Mzinjibari. Zamani neno hilo lilikuwa likinichoma. Usiku ule halikunichoma, maana lilifuatana na bakuli la maziwa ya ngamia. Alitueleza habari za maha, wale swala weupe wenye pembe ndefu, waliokwisha kabisa porini mwaka 1972 kwa kuwindwa, na mwaka 1982 wakarudishwa katika jangwa hilo hilo, Wahrasisi wenyewe wakawa walinzi wao. Kisha akaniuliza ninakwenda wapi na kwa nini. Kiarabu changu siku hizi kinanitosha. Nikamweleza yote, hata uwakili. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Nduguyo anajua kwamba unakuja?" Nikasema hajui. Akasema, "Mjulishe. Usimwingilie kama mtu anayekuja kudai deni, na hali mdaiwa ni wewe."

Haima nilimwandikia kaka kwa simu: "Shikamoo kaka. Niko Haima. Naja kwako kwa baskeli, inshallah." Niliona kwamba ameusoma. Hakujibu. Siku ya pili hakujibu, ya tatu hakujibu. Nikaendelea, maana kurudi kulikuwa mbali kuliko kufika.

Karibu na Qitbit niliadhibiwa kwa ukaidi. Asubuhi nilikunywa chai kavu nikala kidogo, nikitaka kuwahi kabla ya upepo wa usoni haujazidi. Saa nne jasho likanitoka na hali ni baridi, mikono ikatetemeka, barabara ikawa mbili. Nakumbuka nilijiambia nishuke, sikumbuki kama nilishuka. Mwanangu, aliponiona nimechelewa, aligeuza gari akanikuta nimekaa mchangani nje ya barabara, baskeli juu ya miguu yangu. Sukari ilikuwa imeshuka. Alinitia tende mdomoni moja moja, kama nilivyokuwa nikimlisha yeye. Kisha akasema, "Baba, Ami hatafaidika na maiti." Nilipumzika siku nzima. Tangu hapo nilikula anapotaka yeye.

Tarehe 10 Januari 2020, usiku, tulilala Thumrait. Alfajiri nilikwenda msikitini, nikakuta watu wamesimama mlangoni na simu mikononi, hawaingii wala hawasemi. Mmoja akaniambia kwamba Sultani amefariki. Baada ya sala watu wazima walilia waziwazi. Nami nililia. Alikuwa amekaa katika ufalme karibu miaka 50, na yeye ndiye aliyenipa nchi nilipokuwa sina. Mwanangu akaniuliza kama tuahirishe. Nikasema hapana, leo hasa si siku ya kukaa njiani.

Zilibaki kilomita 80 hivi. Nilipita Wadi Dawkah yenye miti ya ubani, kisha milimani, ambako majani yalikuwa makavu, kwani mvua za kharifu huja kuanzia Juni mpaka Septemba. Halafu barabara ikaporomoka kuelekea pwani, nami nikashika breki mpaka vidole vikafa ganzi, nikaiona bahari. Mji ulikuwa kimya. Sultani alizaliwa hapo hapo Salalah mwaka 1940, na watu walikuwa kama waliofiwa na mtu wa nyumba ya pili.

Kaka alikuwa amesimama nje ya lango lake, chini ya mnazi, kwa fimbo. Sikujua kama alikuwa na fimbo. Nikashuka nikasema, "Shikamoo kaka." Akajibu, "Marahaba." Macho yake yalikuwa mekundu. Hakunitazama mimi kwanza, aliitazama baskeli. Akainama kwa taabu, akaubonyeza mpira wa nyuma kwa dole gumba, kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi Kikwajuni. Akasema, "Haina upepo wa kutosha." Kisha akanishika bega na tukalia wote wawili. Hakuna aliyeuliza mwenziwe analia nini, maana siku hiyo nchi nzima ilikuwa ikilia.

Yale maneno niliyoyatafuta kilomita 1,000 sikuyasema siku ile. Niliyasema siku ya nne, baada ya siku tatu za maombolezo kwisha, tukiwa barazani. Nilimwambia kwamba sikumwuliza kwa sababu nilijua atakataa, na kwamba baskeli sijui ilikwenda kwa nani, na kwamba iliposemwa "chuma chakavu" ni mimi niliyesema, si mnunuzi. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Nyumba ningeiuza mimi pia, pengine. Lakini ningekupigia simu." Akaita chai.

Nilikaa siku tisa. Siku ya kuondoka akaniuliza ninairudishaje baskeli. Nikasema kwa pikapu. Akasema, "Iache." Nikaiacha.

Malipo ya safari mwilini yalikuwa haya: vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha mwisho na cha pili yake, vilikaa na ganzi miezi mitatu. Daktari alisema ni mshipa wa fahamu uliobanwa na mkono wa baskeli. Sukari yangu ilishuka mpaka dawa zikapunguzwa. Na jambo jingine lililobaki ni simu. Kila siku baada ya Magharibi kaka alinipigia, akinieleza ameizungusha baskeli uani mara ngapi, mkewe akimgombeza nyuma. Siku moja katika mwezi wa Machi, bila ya mimi kuuliza, akasema, "Lile jambo la nyumba limekwisha, mdogo wangu." Akaendelea na habari za mipapai.

Mwezi huo skuli zilifungwa kwa sababu ya korona. Mwezi wa Aprili Maskati ikafungwa, na tarehe 13 Juni 2020 Dhofar nayo ikafungwa. Siku chache baadaye kaka akafariki, kwa maradhi ya moyo, usingizini. Sikuweza kwenda. Alizikwa na watu wachache, nami nilisimama uani kwangu Seeb, simu sikioni, mpwa wa shemeji yangu akinieleza: sasa wanamswalia, sasa wanamshusha. Miguu ile ile iliyokanyaga mpaka kwake haikuweza kumfikisha mtu kaburini.

Nilifika Salalah mwaka 2021. Shemeji alinichukua uani. Baskeli ilikuwa imefunikwa gunia, safi, mipira imejaa upepo. Kwenye mkono wa kulia kaka alikuwa ametia kengele, ya chuma, ya duara, kama zile za zamani. Baskeli za gia za siku hizi hazina kengele kama hizo. Shemeji alisema aliitafuta sokoni siku tatu.

Sikuichukua. Yuko mjukuu wake wa miaka tisa, na miguu yake haifiki. Nilimshusha kiti mpaka mwisho, nikamtoa nje ya lango, nikakimbia nyuma yake hatua kadhaa, pumzi zikanikatika, nikaachia. Yeye hakugeuka. Alipiga kengele mpaka mwisho wa njia.

Sasa nimefika miaka 68, na bado napanda, baskeli nyingine, pwani tu. Ndugu zangu, wako miongoni mwetu walio Maskati na ndugu zao wako Dubai, walio London na ndugu zao wako Unguja, na kati yao mna nyumba iliyouzwa, au shamba, au neno moja la kwenye simu. Si lazima baskeli. Lakini nendeni, na mkienda, mwenye kosa aseme kosa lake bila ya kulivisha nguo. Mimi nilibakishiwa miezi mitano tu kabla ya njia kufungwa, na sikujua.

Mwenyezi Mungu amrehemu kaka yangu, na wazee wetu, na wote waliotutangulia. Amin.